Jogoo wa Siku ya Radi

Kashozi, saa kumi jioni, umebakiza usiku mmoja

Mwalimu Kemilembe,

Dunia ina vituko. Mtu aliyefukuzwa shule darasa la sita kwa kumwiga mwalimu mkuu anavyokohoa, leo anamwandikia mwalimu barua. Weka kalamu yako nyekundu karibu. Nikikosea herufi, zungushia. Nikijisifu, kata. Najua ukimaliza kukata barua itabaki robo ukurasa, lakini hiyo robo ndiyo ninayotaka uisome.

Wewe umekwenda Kahororo kumuaga bibi yako. Mama yako yuko jikoni anakukaangia senene wa kujaza kopo. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutoazima watu sufuria ameshakwambia tangu Jumatatu, na mimi siwezi kushindana na bingwa. Nimekaa mezani pako, kwenye daftari lako, na kalamu yako, kama mwizi. Huko ziwani kunanguruma. Nimeisogeza meza mbali na dirisha.

Ndiyo, umesoma vizuri. Nkuba wa Kashozi, mtu anayeitwa kwa jina la radi yenyewe, kaisogeza meza mbali na dirisha.

Juzi nilikuwa nimepindua baiskeli ya katekista, natafuta pancha, mama yako akaja akasimama juu ya kichwa changu. Ukimwona mama yako amesimama bila kushika kitu mkononi, ujue kuna kesi.

"Baba Kemi," akasema, "barua ya mtoto umeisoma?"

"Nimeisoma. Kapangiwa Kimwani."

"Na nani yuko Kimwani?"

Nikapuliza mpira. Nikasema Kimwani ni kubwa, iko Muleba kule mwisho, kijiji cha ujamaa kimekusanya watu wa kila upande, nani anaweza kuwajua wote.

"Sikukuuliza ukubwa wake," akasema. "Utamwambia wewe kabla hajapanda gari, au nitamwambia mimi. Na mimi sina maneno ya kupamba."

Basi ninakwambia. Ile hadithi ya jina langu ni ya uongo.

Unaijua. Ulikuwa ukinidai niirudie kila masika, umekaa kwenye paja langu na pengo lako la meno mawili. Kwamba siku moja nkuba ilinguruma juu ya Kashozi mpaka ng'ombe wakapiga magoti, nami nikatoka kifua wazi, nikanyoosha kidole juu, nikasema, "Wewe! Nyamaza, watu wanakula!" Ikanyamaza. Tangu siku hiyo watu wakaniita Nkuba. Ulikuwa ukiwatambia wenzako shuleni kwamba mvua ya kwenu inaomba ruhusa kwa baba. Niliwahi kukusikia. Nikajificha nyuma ya mgomba nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kuisha, nikajifanya ni moshi.

Ukweli ni kwamba naogopa radi. Nilianza kuiogopa kabla sijajua kuvaa suruali na sijaacha. Na mtu anayeogopa kitu, Kemi, akiwa na mdomo kama wangu, hakikimbii kile kitu. Anakitania. Kumbuka hapo, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Nilipofukuzwa shule, misheni walinipa ufagio. Nilifagia chumba cha vitabu cha padre mmoja mzee, ndevu rangi ya tumbaku, aliyekuwa ameishi Afrika Magharibi kabla ya kuletwa kwetu. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha, cha miungu wa mataifa ya zamani. Mimi nilifagia chumba kile ukurasa kwa ukurasa. Pale nisipoelewa nilimsubiri padre aingie, nikamuuliza, naye alipenda kuulizwa kuliko kufagiliwa.

Nilichokuta humo kilinilevya kuliko rubisi. Nilidhani mwenye radi ni Mugasha wetu peke yake, bwana wa ziwa na dhoruba, ambaye bibi yangu alisema ana mguu mmoja, na akiukanyaga chini maji yanapanda. Tulikuwa tumebatizwa wote, lakini ngurumo ikipiga ghafla jina la Mugasha lilikuwa linatoka mdomoni kabla ya la Maria. Kumbe kila taifa lina Mugasha wake! Wagiriki walikuwa na Zeu, amekaa kileleni anatupa radi kama mtoto anayetupia kunguru mawe. Watu wa kaskazini ya Ulaya, kule kwenye barafu, walikuwa na Thor, mwenye ndevu nyekundu na nyundo, na ile ngurumo tunayoisikia ni magurudumu ya mkokoteni wake. Unajua mkokoteni ulivutwa na nini? Mbuzi wawili. Nilipowaambia wazee wa hapa kwamba Wazungu waliogopa mungu wa kukokotwa na mbuzi, Uhuru ulikuwa umeshafika kwao kabla bendera haijapandishwa.

Indra wa Wahindi sikuhitaji kitabu. Nilimwona kwenye kalenda dukani kwa Bwana Lalji, Bukoba mjini, amepanda tembo mweupe, radi mkononi kama rungu. Nikamuuliza Bwana Lalji tembo huyo huko mawinguni anakula nini. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Anakula vijana wanaoshikashika kitambaa bila kununua."

Na Wayoruba wa Nijeria wana Shango, aliyekuwa mfalme kabla ya kuwa mungu. Habari yake padre alinisimulia mwenyewe, polepole. Alisema mfalme huyo alikuwa na dawa ya kuita radi. Siku moja akapanda kilimani kuijaribu, kwa kujionyesha tu. Radi ikaja kweli. Ikaangukia nyumba yake mwenyewe, ikaua wake zake na watoto wake.

Mimi nikacheka. Niliona mfalme mzima kajichoma kama mtoto aliyechezea kiberiti.

Padre hakucheka. Aliniangalia, akasema, "Fagia."

Sasa, kijana wa miaka ishirini mwenye miungu wanne kichwani na madarasa sita tu ya kuwabeba, hakaliki. Niliwasimulia kilabuni, kisimani, kwenye foleni ya kahawa. Tulikuwa na timu ya mpira, nikaipa jina Radi. Tulifungwa kila Jumapili. Nilikuwa nimeshaoa, mama yako ana mimba yako ya miezi mitano, na bado nilitembea kama jogoo asiye na banda.

Ilikuwa masika ya kwanza baada ya Uhuru. Radi ikapiga kwa Ta Bernado.

Ta Bernado humjui, alifariki ukiwa mdogo. Alikuwa mtu mkubwa hapa: kahawa nyingi, ng'ombe saba, sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Radi ilipasua mti wa mpaka, ikaruka, ikaua ng'ombe wake wa maziwa pale pale zizini. Mtu hakuguswa. Lakini unajua desturi ya zamani, au hujui, maana nyinyi mmesomea chini ya bendera. Mnyama aliyepigwa na nkuba haliwi wala haliliwi. Moto hautoki nyumba ile wala hauingii. Majirani wanakuja, wanakaa kimya nje kwenye kibanja, chini ya migomba, wanasubiri mzee wa Mugasha aje kuituliza. Na kwetu hufiki kwa mwenzako mwenye msiba mikono mitupu: huyu kibuyu cha rubisi, yule mkungu wa ndizi.

Tulikaa. Mzee wa Mugasha alikuwa anatoka mbali, hakufika upesi. Watu arobaini kimya, mti unatoa moshi, ng'ombe amelala amenyoosha miguu kama benchi lililopinduliwa. Mimi niliogopa, Kemi. Kila nikiangalia ule mti, uliochanwa mistari juu mpaka chini, nilikuwa nakumbuka maneno ya wazee: nkuba hushuka kwa umbo la jogoo mwekundu, mistari ile ni kucha zake.

Nikaanza kutania.

Nilianza taratibu, kwa jirani. Nikamweleza Thor na mbuzi zake. Akabana kicheko. Wa pili akasema hebu rudia. Kabla rubisi haijafika nusu ya kibuyu nilikuwa nimesimama katikati, nimeshika mti wa kupondea ndizi kama nyundo, narukaruka. Nikapanda tembo wa Indra juu ya mgongo wa rafiki yangu. Watu waliokuwa wamekaa na woga wao tangu asubuhi walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Hata Ta Bernado alicheka. Sijui kama umewahi kuwa na watu arobaini mkononi mwako. Utakuwa nao darasani, utaona. Ni utamu wa hatari.

Ta Bernado akafuta macho, akaniuliza, "Wewe msomi, hao miungu wako wanapiga ovyo, au kuna mtu anawatuma?"

Nilitaka jibu la kuwamaliza. Nikageuza macho, nikaona kwenye njia ya migombani anakuja Ma Paskazia.

Ma Paskazia alikuwa mjane, hana mtoto. Kibanja chake kilipakana na cha Ta Bernado, na huo mti uliopasuka ndio uliokuwa mpaka. Mguu wake wa kushoto ulikauka tangu utotoni, alitembea kwa kuchechemea, fimbo mkono mmoja. Yeye ndiye aliyezalisha nusu ya watoto wa Kashozi. Mama yako alikuwa ameshampa neno kwamba siku ikifika ataitwa yeye. Migomba yake ilikuwa michache, mkungu wa kuleta hakuwa nao. Alileta alichokuwa nacho. Kwapani alikuwa amebeba jogoo, mwekundu kama kaa la moto.

Nikanyoosha kidole. Nikasema kwa sauti ya katekista anayesoma tangazo:

"Mnatafuta aliyetuma? Huyo hapo anakuja! Mugasha mwenyewe, mguu mmoja, na nkuba yake kwapani!"

Hawajawahi kunichekea vile, kabla wala baada. Walianguka. Ma Paskazia naye akacheka, maana hakusikia yaliyotangulia, aliona watu wamefurahi tu. Akasema, "Mwanangu, huna adabu," akampa mke wa Ta Bernado yule jogoo.

Mke wa Ta Bernado hakunyoosha mikono.

Kicheko kilikufa kuanzia upande ule kuja upande huu, kama mvua inavyokatika. Mtu mmoja akasema, si kwa utani, "Na kweli. Jogoo wa nini leo?" Mwingine akasema mbona upande wake wa mpaka haukuungua hata jani. Wa tatu akasema mjane huyu na Ta Bernado wanagombea mpaka tangu mazishi ya mumewe. Ta Bernado alikuwa anauangalia ule mpaka.

Nilisema, "Jamani, natania." Nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa na mbu. Wakaniambia mtaniaji husema aliloona.

Baada ya hapo hakuna aliyemgusa. Watu wa hapa si watu wa kupiga vikongwe. Waliacha tu kumsalimu. Akifika kisimani, wenye ndoo wanakumbuka shughuli nyumbani. Mwenye uchungu wa kuzaa anaita mtu wa kijiji kingine. Wiki ya tatu akaamka, akakuta migomba yake imekatwa, yote, imelala chini na mikungu yake michanga. Wewe ni Mhaya, sina haja ya kukueleza maana yake. Kumkatia mtu migomba ni kumwambia hajawahi kuishi hapa.

Asubuhi hiyo alikuja kwangu. Nilikuwa nje natengeneza mnyororo. Hakulia. Alikaa kwenye jiwe, akauweka ule mguu vizuri kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi sikugombezi," akasema. "Ulisema mbele za watu. Jumapili watu wanatoka misa. Simama uwaambie ulikuwa unatania. Wewe wakikusikiliza kwa upuuzi, watakusikiliza na kwa hili."

Nikasema, "Ma Paskazia, nitasema. Naapa."

"Usiape. Sema tu."

Jumapili nilisimama. Mama yako alikuwa upande wa wanawake, amekushika tumboni kwa mkono mmoja, ananiangalia. Watu walitoka, wakaniona nimesimama kwenye ngazi, wakaanza kucheka hata kabla sijafungua mdomo. Ndivyo walivyonizoea. Ta Bernado akanijia akanipiga begani. "Huyu ndiye Nkuba wetu!" akawaambia. "Aliyemwona mchawi kabla ya mzee wa Mugasha!" Wakapiga makofi. Ndiyo siku niliyopewa jina, Kemi, na huyo ndiye aliyenipa. Nilikuwa nimebeba sentensi moja tu mdomoni, "Nilikuwa natania, mwanamke huyu hana kosa." Maneno sita. Nimeyahesabu mara nyingi tangu hapo.

Niliangalia zile nyuso. Nikasema, "Jamani, mnajua Zeu wa Wagiriki alikuwa na wake wangapi?"

Sikumtazama mama yako. Lakini nilisikia anaondoka.

Jumatano Ma Paskazia aliondoka na lori la kahawa. Kitanda, mkeka, jembe, chungu. Alikuwa na mtoto wa kaka yake Kimwani. Nilijifungia ndani nikasema naumwa kichwa. Aliyemsindikiza ni mama yako, peke yake, na tumbo lake, njia nzima mpaka barabarani, na watu wanamwangalia. Alirudi na jogoo.

"Kasema nikupe," akaniambia. "Kasema nikwambie anawika saa kumi na moja. Usichelewe kuamka."

Basi huyo ndiye yule jogoo. Yule uliyemwita Babu, uliyemlisha ubwabwa wako kwa siri. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini Krismasi tunakula maharage na jogoo mnene anatembea uwanjani, nami nikakuambia baba yako ana huruma na wanyama. Ukaniandika hivyo kwenye insha yako ya darasa la tatu. Mwalimu akakupa alama zote. Jogoo yule aliniamsha miaka kumi. Mvua, kiangazi, sikukuu, saa kumi na moja kamili. Sikuweza kumla, sikuweza kumgawa. Alipokufa kwa uzee ulilia, ukataka azikwe chini ya mti wa mbuni, nikamchimbia kaburi kama la Mkristo. Asubuhi iliyofuata nikaamka saa kumi na moja mwenyewe. Mpaka leo.

Sitaki ufikiri naandika haya ili unionee huruma. Huruma ningeitaka ningeugua. Najua kuugua vizuri sana, muulize mama yako. Nataka tu ujue nilichokiona, maana ilinichukua muda mrefu kukiona na wewe una haraka kesho.

Kwenye kile kitabu cha padre kulikuwa na habari moja niliyoiruka nilipokuwa nawasimulia watu, kwa sababu haikuwa ya kuchekesha. Wale mbuzi wa Thor, jioni aliwachinja wakaliwa, na asubuhi aliwafufua wazima, mradi mifupa yote imewekwa juu ya ngozi, haijavunjwa. Usiku mmoja alilala kwa mkulima maskini. Kijana wa nyumba ile, kwa uroho wa uboho, akavunja mfupa mmoja wa mguu. Tonge moja tu. Asubuhi mbuzi akafufuka anachechemea. Mungu mwenye nyundo, mwenye kupasua milima, hakuweza kuurudisha ule mguu. Kitabu kinasema kijana akachukuliwa kuwa mtumishi wake, kulipia.

Zamani nilikuwa najiona Thor. Kisha kwa muda mrefu nikajiona Shango, kwa sababu hata katika majuto nilitaka niwe mfalme. Sasa hivi, nikiwa na miaka karibu arobaini na mafuta ya mnyororo kwenye kucha, najua mimi ni yule kijana. Nilitaka uboho. Kicheko cha nusu dakika. Na aliyechechemea si mimi.

Nilidhani ubaya ni neno lile nililosema nikiwa na woga na rubisi. Hilo, Mungu anajua, mdomo umeteleza. Lakini Jumapili sikuteleza. Jumapili nilikuwa nimenyoosha nguo, sina ulevi, nina maneno sita tayari, nikaona watu wananipenda, nikayameza. Nikikumbuka siku ya radi naona aibu. Nikikumbuka Jumapili siwezi kukaa.

Sasa sikia ya Kimwani. Dereva mmoja wa lori alinipa habari mwaka juzi, akidhani ananichekesha. Ma Paskazia yuko hai. Amezeeka. Operesheni ya vijiji ilipokuja alihamishwa tena, yeye na wote wa upande ule, wakajengewa nyumba za mstari, kila nyumba ina jirani kulia na kushoto. Ya kwake ni ya mwisho. Watu wa huku waliohamia kule walibeba hadithi pamoja na vikapu vyao, na hakuna aliyekubali kiwanja cha pili yake. Jirani yake upande mmoja ni njia. Upande wa pili ni shule.

Ndiyo shule yako.

"Wanamwitaje, Nkuba, nadhani unajua?" dereva akaniuliza. Nikasema sijui. "Wanamwita Bibi Nkuba! Mawingu yakijikusanya watoto wanapita pale mbio kama swala. Wajina wako!" Akacheka mpaka akapiga honi.

Jina moja, Kemi. Mimi limenipa kiti cha mbele kilabuni. Yeye limemnyima mtu wa kumwomba moto.

Sasa unaona kwa nini sikulala tangu barua yako ya kazi ifike. Nilikwenda mpaka ofisi ya elimu Bukoba kuomba wakubadilishie, nikasema una kifua kibovu. Bwana yule akanijibu kwamba amekusikia ukiimba kwenye sherehe ya kumaliza mafunzo na hajaona kifua kizima kama chako. Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa nakuona umefika Kimwani, umevaa gauni lako la bluu, unawaamkia majirani kama tulivyokufundisha, unaanza na nyumba ya mwisho. Bibi kizee anakuuliza, "Wewe ni wa wapi, mwanangu?" Na wewe, kwa fahari yako yote, fahari niliyokujaza mimi kwa mikono yangu, unamjibu, "Kashozi. Mimi ni mtoto wa Nkuba."

Angekukaribisha tu. Namjua. Angekupa kiti. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Kwa hiyo usiseme hivyo. Lakini pia usiende kumwomba radhi kwa niaba yangu. Najua moyo wako, ungeshuka garini ukaanza na hilo kabla ya kufungua begi. Usithubutu. Hilo deni la mdomo ni langu, na wewe siku ile ulikuwa bado huna mdomo.

Ngurumo imesogea, sasa iko juu ya Bukoba. Mama yako kaingia hapa sasa hivi kuangalia kama naandika kweli au nachora baiskeli. Nimemsomea mpaka hapo. Amesikiliza amesimama, mkono mtupu. Nikamwambia nimefikiri nimnunulie Ma Paskazia jogoo mzuri, mwekundu, umpelekee kwenye kapu.

"Jogoo alishapeleka yeye," akasema. "Wewe peleka mdomo."

Basi nimekata tiketi mbili. Hii ndiyo robo ukurasa niliyokuambia. Ukikuta kesho mtu ameketi siti ya nyuma kabisa, kofia usoni, usishangae. Sitakuaibisha. Sitawaimbia abiria. Ukisoma barua hii ukaona hutaki kufika kituo chako kipya na baba wa namna hii, niambie tukifika Muleba, nitashuka, nitamalizia njia iliyobaki kwa miguu, nitafika baada yako kama mgeni wa mtu mwingine. Lakini nitafika. Keshokutwa ni mkutano wa kijiji, nimeshauliza. Nitasimama mbele ya watu wa Kimwani, ambao hawanijui na hawana sababu ya kunichekea, na hilo litanisaidia. Nitasema nani alisema, alisema nini, na kwamba alijua siku ile ile kuwa ni uongo. Kisha nitaenda nyumba ya mwisho, nigonge. Akinifukuza, ana haki. Akinyamaza, nitakaa kwenye jiwe nje mpaka atakaponipa kazi. Pengine kuna kuni za kupasua. Yule kijana wa mbuzi alikubali utumishi.

Sijui kama watoto wataacha kukimbia wakipita pale. Neno langu lilikwenda kwa lori, lina miaka kumi na saba barabarani, na mimi nalifuata kwa basi. Lakini wewe utakuwa pale baada ya mimi kuondoka. Mawingu yakikusanyika na darasa likaanza kutetemeka, utajua la kuwaambia. Kama hujui, waambie mwalimu naye anaogopa. Kwetu hapa hakuna aliyewahi kusema hivyo, na naona ingetusaidia sana siku ile.

Nasikia sauti yako njiani, unamsalimu katekista. Unaongea kwa sauti kubwa kama mimi. Nakunja karatasi hii, naitia chini ya gauni la bluu, halafu natoka kukuuliza bibi yako kakupa nini, kama vile sikuandika kitu.

Lile jina usiniite tena. Nina langu la ubatizo. Watu hawajalitumia, bado liko jipya.

Baba yako,
Fortunati